Mifugo ya Kwenye Friza

Wakuru alinipigia simu nikiwa jikoni kwangu Bunda, nachambua dagaa. "Dada Sabina, mama ametutoka," akasema, na kabla sijamaliza kumpa pole akaongeza, "Na mifugo yako iko hapa. Mjomba anasema lazima izungumzwe siku ya kumaliza msiba." Nikakaa juu ya ndoo. Msiba wenyewe nilikuwa nimeutarajia, maana Mama Wakuru alikuwa mtu mzima na miguu ilikuwa imemkataa tangu masika. Kilichonitoa jasho ni hayo ya mifugo. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiomba jambo hilo lisije likazungumzwa mbele yake, na sasa yeye hayupo, watu ndio wamejaa. Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Mume wangu husema nikikosa la kuhofia naazima kwa jirani. Lakini hofu hii ni yangu halali, na ilianza mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka nilioutumia kulisha seli za panya. Ya nyumba niliyozaliwa nitayaacha, hayana tofauti na ya wengine wa kwetu. Niseme tu kwamba tulifuga, na kwamba Mama Wakuru aliimba kwaya moja na mama yangu pale parokiani Butiama.

Nilikuwa nimetoka chuo nikapata mkataba wa mwaka mmoja kwenye maabara ndogo ya utafiti mjini Musoma. Ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ofisi za watu wengine, karibu na ziwa kiasi kwamba upepo ukigeuka, harufu ya dagaa walioanikwa iliingia ikachanganyika na ya spiriti. Chumba cha kwanza kilikuwa na meza, birika la chai na viti vitatu, kimoja hakikaliki. Cha pili tulivua viatu kuingia. Humo ndimo lilimokuwa kabati la joto, na ndani ya kabati chupa bapa za plastiki zenye maji ya rangi ya waridi, na ndani ya maji hayo seli za kinga za panya, zikiwa hai bila panya mwenyewe. Bosi wangu alikuwa Daktari Masatu, Mjita mrefu mwenye tabia ya kula muhogo wa kuchoma akiwa amesimama dirishani. Alikuwa anatafuta jinsi mwili unavyopigana na vijidudu vya malale, ugonjwa ule unaoletwa na mbung'o. Siku yangu ya kwanza alinionyesha kichupa kidogo kama ncha ya kidole. Chini yake kulikuwa na utando mweupe ambao mtu angedhani ni vumbi, akaosha.

"Hiki ndicho chakula chao," akasema. "Dada, wewe si mtu wa ng'ombe? Ng'ombe wakiibiwa inakuwaje?"

"Anayeona anapiga yowe."

"Halafu?"

"Wanaume wanatoka na silaha."

"Basi hii ndiyo yowe. Seli ikiona adui inatoa hii protini, zingine zikisikia zinaamka, zinaongezeka. Hizi za kwetu zimezoea kuishi ndani ya yowe. Likinyamaza tu siku mbili hivi, zinaona ah, kumbe hatuhitajiki, zinakufa."

Nikamuuliza kama protini hiyo inakamuliwa kutoka kwa panya. Akacheka mpaka muhogo ukampalia. Ni ya panya, akasema, ila haijatoka kwa panya. Huko ng'ambo wamechukua kile kipande cha urithi wa panya kinachobeba maelekezo ya kuitengeneza, wakakipandikiza ndani ya bakteria, na bakteria hao, wasiomjua panya wala paka, wakawa wanaitengeneza kwa wingi kiwandani. Nilipomweleza mama yangu kazi yangu mpya, alinitazama kwa huruma. "Kwa hiyo mnalisha panya ambaye hayupo chakula cha panya ambaye hajazaliwa," akasema. Mpaka leo sijasikia maelezo mafupi kuliko hayo.

Huo ndio ulikuwa upande wa kuchekesha. Upande mwingine ulininyima usingizi mwaka mzima. Seli zile hazikuwa na akiba. Mtungi wa baridi kali ambao ungetuwezesha kugandisha nyingine tulikuwa tumeahidiwa tu, na ahadi haigandishi kitu. Wafadhili walikuwa wamesema wazi: matokeo mwisho wa mwaka, la sivyo warudishiwe funguo. Zile zilizokuwa kabatini zikifa, utafiti wa Daktari umekufa, na mkataba wangu nao. Nilikuwa naamka alfajiri na jambo la kwanza kulifikiria si sala, ni zile chupa bapa. Nikifika kazini nilikuwa navua viatu na kwenda moja kwa moja kwenye hadubini kabla hata ya kumwamkia Daktari, na yeye hakukasirika, maana naye alikuwa ameshachungulia kabla yangu.

Kichupa cha chakula kilikuwa kimoja, na kingine hakijulikani kingefika lini. Tukakiyeyusha kwa maji maalumu, tukagawa matone madogo madogo kwenye vichupa vidogo zaidi, kila kimoja cha kulishia takriban wiki moja. Hapo Daktari akanieleza sheria ambayo niliikariri kama Baba Yetu: tone likishaganda lisiyeyushwe mpaka siku ya kutumika, maana likiganda na kuyeyuka na kuganda tena, protini inavunjika, na kwa macho hutaona tofauti yoyote. Friza yetu ilikuwa imeshatusaliti mara moja. Tulikuwa tumesimama mbele yake kama watu wanaomtazama mlevi waliyetaka kumkabidhi mtoto, ndipo nikasema kwamba kwetu ng'ombe hawalazwi boma moja.

Daktari akageuka. Nikamweleza ingawa alijua, maana hata Wajita wanajua. Wengine unawapeleka kwa rafiki wa kijiji kingine. Rafiki anakunywa maziwa, wewe unabaki na ng'ombe. Ugonjwa ukiingia kwako, au wezi, kwake wamebaki. Akifa mmoja anakuonyesha ngozi ili ujue hakumla wala kumuuza, na akitunza vizuri siku moja unampa ndama. Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Wiki hiyo hiyo vichupa vikagawanywa: vingine vikabaki Musoma, vingine akavipeleka Bunda kwa rafiki yake kwenye maabara ya hospitali, na vilivyobaki nikavipeleka mimi Mwitongo, Butiama, kwa Mama Wakuru, aliyekuwa na friza ya kuuzia soda na barafu na ambaye hakuwahi kupoteza hata sufuria ya kuazima.

Alinipokea kama mtu aliyeleta ng'ombe kweli. Hakukubali kushika chochote kabla sijala. Kulikuwa na ugali wa mtama na muhogo, sato wa kukaangwa, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichonukia moshi. Tulipomaliza kunawa akamwita kaka yake aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba. "Wambura, njoo uone mali ya mtoto wa watu. Usije ukasema hukuonaga." Mjomba Wambura akaja, akainama juu ya kopo la majarini nililowekea vichupa, akanyooka, akamtazama dada yake, akainama tena.

"Hizi ndo ng'ombe?" akauliza.

"Ndo zenyewe."

"Na maziwa yake utakunywaga wapi?"

"Wewe kazi yako ushahidi," Mama Wakuru akamwambia. "Mambo ya maziwa niachie mimi na mwanangu." Hakuvihesabu kwa kidole, mifugo haihesabiwi hivyo. Alivitazama kimoja kimoja mpaka akavijua. Nikamwambia vikae ndani ya friza mpaka nije kuchukua, na friza isizimwe. Akasema, "Nimeshika," na alipotamka neno hilo nilishusha pumzi kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Miezi ikaenda. Vya Musoma tukavila taratibu hadi vikaisha. Tulipokuwa tunajiandaa kwenda kuchukua vya Bunda, simu ikaja kwamba injini ya friza ya kule imekufa Jumapili na wamegundua Jumatatu, kila kitu ni maji. Daktari alikata simu akasema, "Boma moja limeingiliwa," akajaribu kutabasamu. Mzigo mpya ulikuwa umefika nchini lakini umekwama uwanja wa ndege Dar es Salaam, na kila siku mtu mwingine alikuwa anatuambia kesho. Hatukuhofu kupita kiasi, maana Butiama ilikuwepo. Nikaenda nikachukua kichupa kimoja. Mama Wakuru akanipa kwa mikono miwili, nikakirudisha Musoma ndani ya barafu, tukalisha.

Kesho yake mchana niliinamia hadubini. Seli zenye afya huwa za mviringo na zinang'aa, kama mtama uliooshwa. Nilizoziona zilikuwa zimefifia na kujikunja, na kati yake kulikuwa na vipande vya zilizokwisha kupasuka. Nikamwita Daktari. Alitazama muda mrefu. "Hazijasikia kitu," akasema. Akadhani amekosea kuchanganya, akarudia hesabu zake kwa sauti, mara anajilaumu, mara ananiuliza kama barafu iliyeyuka njiani. Haikuyeyuka. "Labda hicho kimoja kilikuwa kibovu," nikasema. Akaniambia niende nikalete vyote. Kama vingefika kesho yake kabla ya jua kuzama, huenda baadhi ya seli zingepona. Baada ya hapo tungekuwa tunalisha maiti.

Nilifika Mwitongo jioni, hakuna tena gari la kurudi, nikalala. Asubuhi Mama Wakuru aliniwekea chai ya maziwa na viazi vitamu. Mimi nilikuwa nataka vichupa, siyo viazi, lakini huwezi kumharakisha mtu wa namna ile nyumbani kwake. Akamaliza sala zake pembeni, akajifunga khanga vizuri, akaenda kwenye friza, akafungua kopo. Akavimimina vichupa vyote kiganjani, akafumba mkono, akaupeleka mdomoni, akavipulizia pumzi. Alikaa hivyo kitambo akinong'ona kwa Kizanaki, maneno yale yale ambayo mtu humwambia ndama mgonjwa. Kisha akaufungua mkono, akainua kichupa kimoja kwenye mwanga wa dirisha na kukitikisa.

"Mama, unafanya nini?"

"Naangaliaga kama wanacheza. Wakigandaga huwezi ukajua mzima ni yupi na mfu ni yupi. Mpaka wayeyukege kidogo, ndo unaona anatikisika. Huyu mzima. Ona."

"Huwa unafanya hivyo kila siku?"

Akanitazama kama niliyemuuliza kama huwa anaoga. "Mwanangu, mtu akupe mifugo usiitazamege? Hiyo siyo kufuga. Hiyo ni kufungia."

Chai ilinipalia. Kila asubuhi, tangu siku niliyoondoka, alikuwa ameviyeyusha na kuvigandisha, kwa upendo, bila kukosa, hata siku ya Pasaka. Hakukuwa na hata kimoja kilichobaki na yowe ndani yake. Niliona chupa bapa zikizimika, nikamwona Daktari akikabidhi funguo, nikataka kulia na nikataka kupiga kelele, na mbele yangu kasimama mama wa watu anayengoja nimsifu. Nikasema, "Umewatunza, mama." Naye, badala ya kufurahi, akaketi kwenye kreti la soda, akaweka kopo mapajani, akaanza kulia.

"Usinisifu," akasema. "Kuna jambo nimekufichaga. Mmoja amenipotea."

"Amepotea vipi?"

"Siku ile ile uliondoka. Nilikuwa nawapanga, mmoja akachomoka akaanguka humo chini, kwenye kona. Nikatafuta, nikatafuta, barafu ikafunika. Nikasema nizime friza iyeyuke, lakini wewe ulikataza isizimwe. Nimeogopaga kukuambia, mwanangu. Sina hata ngozi ya kukuonyesha." Akajifuta kwa ncha ya khanga. "Kuna mbuzi jike nimemtenga pale nyuma. Utaondoka naye."

Ilinichukua muda kuelewa nilichosikia. "Mama, yuko humo chini tangu siku hiyo? Hujamtoa hata mara moja?"

"Ningemtoaje? Yuko peke yake humo, maskini, hakuna mtu anamtazama."

Nadhani nilimtisha, maana niliruka. Nilitoa soda, nikatoa mifuko ya barafu, nikaingia kichwa na mabega ndani ya friza na kisu cha kumenyea viazi. Mama Wakuru alinishika kiuno nisizame. Barafu ya kona ilikuwa ngumu na ya kijivu. Nilikuwa nakwangua huku nikiogopa kukitoboa, vidole vikafa ganzi, pua ikawa inatiririka, na yeye huku nyuma anamwomba Mtakatifu Antoni, mtafuta vilivyopotea. Hatimaye nikaona mfuniko wake wa bluu. Sikukigusa kwa mkono. Nilikikata pamoja na bonge la barafu lililokizunguka na kulitumbukiza lote kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana. Mama Wakuru akapiga vigelegele mpaka Mjomba Wambura akaja mbio na panga. Akaagizwa aliweke panga chini anipakie kwenye pikipiki yake hadi barabara kuu. Mbuzi nilimkataa. Nilimwambia ngozi haihitajiki, ng'ombe amepatikana. Vilivyobaki koponi nilimrudishia, nikamwambia huyu mmoja anatosha kwa sasa.

Daktari alikuwa dirishani, muhogo wake mzima mezani umekauka. Tulilisha. Usiku huo sitausimulia kwa sababu hakuna kilichotokea isipokuwa mimi kutazama dari. Lakini asubuhi, katikati ya zile zilizokufa, zilikuwepo chache zinazong'aa. Siku iliyofuata zilikuwa nyingi kidogo. Kichupa kile kimoja kilitufikisha hadi mzigo wa Dar ulipoachiwa, na mwisho wa mwaka Daktari alituma matokeo yake, funguo zikabaki mfukoni mwake. Nilipomweleza yaliyotokea Mwitongo alicheka, akalia kidogo, kisha akasema nikavichukue vile vingine tuvitupe. Nilikataa. Kwetu ukimwondolea mtu mifugo yote kwa mpigo, unamwambia mbele ya kijiji kwamba humwamini. Afadhali vikae.

Vikakaa. Kila nilipokwenda Butiama, kwa harusi, kwa ubatizo, kwa Krismasi, Mama Wakuru aliniketisha, akanilisha, akafungua kopo. Mimi nilikuwa nainama na kusema, "Wamenenepa." Naye anajibu, "Nawaangaliaga." Wasiwasi wangu ulibadilika umbo tu. Sasa niliogopa mtu atakuja kumwambia. Wakuru alipomaliza chuo na kuwa mwalimu wa baiolojia sekondari, nilipoteza raha kabisa. Nilikuwa namkwepa. Nilikuwa namwona mama yule akiambiwa kwamba mikono yake ndiyo iliyoua, na kwamba mimi nilijua nikamwacha avipulizie pumzi miaka yote ile, na nilikuwa naona uso wake.

Siku ya kumaliza msiba nilifika mapema, nikaenda moja kwa moja jikoni kusaidia kukoroga uji, niwe mbali na wazee. Haikusaidia. Wanawake wawili waliokuwa wanachambua mchele walinong'onezana, "Ndo huyu mwenye panya." Wakuru akaja akanishika mkono, akanivuta hadi chumba cha friza. Ni friza nyingine sasa, nyeupe, lakini kopo ni lile lile, limepata kutu kwenye ukingo.

"Dada," akasema, "hivi si vilikufa zamani?"

Nikasema, "Vilikufa mwaka ule ule."

"Najua. Mimi nilimwambiaga mama, nilipokuwa mwaka wa pili chuoni. Nilidhani anajua."

Nikaketi kwenye kreti. "Akasemaje?"

"Alilia siku moja. Kesho yake nikamkuta anawatoa tena, anawapulizia. Nikamwambia, mama, si nimekueleza? Akasema nyamaza, Sabina asijue kama najua. Akijua ataona aibu, ataacha kuja." Wakuru akafunika kopo. "Ndo maana na mimi nilikuwa nakukwepa. Niliogopaga nitaropoka."

Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye ninayemlinda. Tulikuwa tunakaa pale, mmoja anasema wamenenepa, mwingine anasema nawaangaliaga, na sote wawili tunajua. Nililia kwa sauti, kilio cha msiba chenyewe ambacho kilikuwa bado hakijanitoka, na wanawake wa mchele wakaja mlangoni, wakatazama, wakaturudishia mlango.

Uani, Mjomba Wambura alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mikono. Ameishiwa meno lakini kumbukumbu anayo yote. Madeni ya marehemu yakatajwa, shamba likatajwa, kisha akagonga fimbo chini. "Kuna mifugo ya mtu kwenye hii nyumba. Mimi ndo shahidi, niliiona ikiingia. Mwenyewe yupo?"

Nikasimama. Wakuru akatoka na kopo amelishika kwa mikono miwili, akasimama kando yangu. Wengine walikuwa wanajua hadithi nusu, wengine hawaijui kabisa, na hakuna aliyecheka.

"Mtunzaji amelala," Mjomba akasema. "Unachukua au unaacha?"

"Naacha," nikasema. "Kwa Wakuru. Na mmoja nampa awe wake kabisa, kwa kazi ya mama yake."

Wazee wakaitikia kwa koo. Mjomba akaridhika, akamgeukia mpwa wake, akingoja apokee wake kama desturi inavyotaka. Wakuru akalifungua kopo, akatazama ndani, machozi yakimtiririka na mdomo ukipigana na kicheko, akaniuliza kwa sauti iliyosikika uani kote:

"Yupi?"

"Wapulizie kwanza," nikamwambia, "halafu uchague."